Kufa kwa Dadu, Kufa kwa Hiari

"Hii sasa imekuwa anime." Ukikaa vya kutosha kwenye meza ya mchezo wa kuigiza wahusika, lazima utaisikia kauli hii. Mchezaji mmoja ameeleza kwamba mpiganaji wake anaruka juu ya paa, anajizungusha hewani mara mbili, anashuka na upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe. Mwingine, mara nyingi mkongwe wa meza, anaguna: hii sasa imekuwa anime. Hasemi kwa kusifia. Anachomaanisha ni kwamba jambo zito limegeuzwa la kitoto, na kwamba mambo ya namna hiyo yana kwao, na kwao siyo hapa.

Nimecheza michezo hii kwa miaka kadhaa, na anime nimeitazama kwa miaka mingi zaidi, kwa hiyo kauli hiyo hunigusa pande zote mbili. Nikiifungua naona ndani yake malalamiko matatu: moja linahusu asili, la pili linahusu mauti, la tatu linahusu watu. La kwanza na la tatu nadhani yanajibika bila shida kubwa. La pili ndilo limenikalisha chini niandike, kwa sababu swali lililomo si la wachezaji peke yao: nani ana haki ya kuamua shujaa afe lini, na afe kwa ajili ya nini?

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kucheza, nieleze kidogo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Hakuna ubao wa lazima wala karata. Kuna watu wanne watano, karatasi, penseli na dadu. Mmoja wao ni mchezeshaji: anaeleza dunia, anawasemea majoka na wenye nyumba za kulala wageni. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama ataweza, unarusha dadu. Hadithi inatungwa papo hapo na watu wote, na hakuna anayejua itaishaje. Kwa mtu aliyekulia kwenye hadithi za jioni za bibi, hili si jambo geni sana. Ugeni wake ni kwamba bibi hakuwa na dadu. Alijua mwisho.

Sasa turudi kwenye lalamiko la kwanza, la asili. Wanaolitoa wanasema fantasia ya mezani ni ya knaiti, ngome za mawe na vitabu vya Tolkien, na anime imeivamia. Mwacha asili ni mtumwa, wangesema wahenga wetu. Sawa, lakini asili ipi?

Mwaka 1979, kwenye kitabu cha waongozaji wa mchezo, Gygax aliweka orodha ya vitabu vilivyomwathiri. Tolkien yumo, lakini wamo pia Robert E. Howard, Fritz Leiber, Jack Vance na H. P. Lovecraft, watu ambao wakikutanishwa chumba kimoja sidhani kama wangekubaliana hata fantasia ni kitu gani. Mhusika wa mtawa anayepigana kwa mikono mitupu, ambaye nyuma yake kuna harufu kali ya mapigano ya Asia Mashariki, aliingia mwaka 1975, mchezo ukiwa na mwaka mmoja tu. Na baadhi ya viumbe maarufu wa mchezo huo, kama yule dubu mwenye kichwa cha bundi na yule mdudu anayekula chuma, walizaliwa kutoka kwenye vinyago vya plastiki vya bei chee vilivyotengenezwa Hong Kong, ambavyo Gygax alivinunua dukani akavipa majina na hulka. Ukivitazama vinyago vile unakumbuka mara moja mazimwi ya televisheni ya Kijapani ya enzi hizo. Kwa hiyo huyo anayelinda mlango dhidi ya mgeni, mgeni alishaingia kitambo, kapewa kiti, na sasa anahesabiwa kama babu wa ukoo.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda hivyo hivyo. Dragon Quest, mchezo wa kompyuta uliotoka Japani mwaka 1986, uliundwa na Yuji Horii aliyekuwa amevutiwa na michezo ya Kimarekani kama Wizardry ya 1981, ambayo nayo ilikuwa mtoto wa Dungeons & Dragons. Mazimwi yake yalichorwa na Akira Toriyama, yule yule wa Dragon Ball. Mwaka huo huo wa 1986 gazeti la Kijapani la Comptiq lilianza kuchapisha, kama mfululizo, mazungumzo ya watu waliokuwa wakicheza Dungeons & Dragons mezani. Mchezeshaji alikuwa Ryo Mizuno. Wasomaji walipenda kusoma mchezo wa watu wengine kama wanavyosoma tamthilia. Kutokana na meza hiyo ikaja riwaya ya Record of Lodoss War mwaka 1988, kisha anime yake mwaka 1990. Yule elfi wa kike mwenye masikio marefu yanayotokeza pembeni kama majani, unayemwona leo kwenye kila mchoro wa fantasia ya Kijapani, ametoka kwa Deedlit wa Lodoss. Na Deedlit alikuwa mhusika wa mezani kwanza. Kikundi hicho hicho kilitoa mchezo wake, Sword World, mwaka 1989, kwenye vitabu vidogo vya mfukoni na dadu za kawaida za pande sita, zile ambazo mtu anazo nyumbani.

Safari ya kurudi nayo ikafuata. Mike Pondsmith, Mmarekani mweusi, alitoa Mekton mwaka 1984, mchezo wa mezani wa marubani wa maroboti makubwa, kwa sababu alipenda Gundam. Baadaye akatunga Cyberpunk, na mwaka 2022 studio ya Kijapani ya Trigger ikatengeneza anime kutokana na dunia yake. Yaani mtu aliyechota kwa Wajapani akaishia kuchotwa nao. Miaka miwili baadaye studio hiyo hiyo ikatoa Delicious in Dungeon, kutoka kwenye manga ya Ryoko Kui, hadithi ya watu wanaoshuka kwenye mashimo yenye mitego na mazimwi, kama vile mtu kakaa mezani na kitabu cha 1979, halafu akajiuliza swali ambalo kwa miaka 40 wengi walilipita tu: hivi hawa watu huko chini wanakula nini?

Kwa hiyo lalamiko la asili naliweka pembeni. Mazungumzo haya yana miaka zaidi ya 40 na pande zote mbili zimeshanenepa kwa chakula cha mwenzake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila kuchota nako kuna namna. Mwaka 1985 kilitoka kitabu cha mchezo kilichoitwa Oriental Adventures, kilichoikusanya Asia ya Mashariki kwenye kapu moja: samurai, ninja, watawa, heshima na aibu, kana kwamba Japani na China ni mitaa miwili ya mji mmoja. Wengi walikipenda, na mimi naelewa kwa nini. Lakini pale mtu alichota mavazi tu. Mizuno hakuchota mavazi. Alikaa akacheza mchezo wa watu mpaka akaujua, ndipo akautungia hadithi yake. Tofauti hiyo ni ya kimaadili, na haihusiani na nani ana damu ya wapi. Unaweza kumjua mtu, au unaweza kumvaa.

Sasa mauti.

Kwenye mchezo wa zamani, kufa kulikuwa rahisi mno. Kwa sheria za 1978, mchawi wa daraja la kwanza alikuwa na pointi za uhai moja hadi nne, kabla ya nyongeza yoyote. Kisu kimoja cha goblini kilitosha. Pointi zikiisha, umekwisha. Unachukua karatasi nyingine, unaandika jina jingine. Hakuna muziki. Hakuna aliyekushika mkono ukamwambia neno la mwisho. Siku hizi sheria zimelainika: kwenye toleo la 2014 mhusika akianguka anarusha dadu ya pande 20 kila zamu, kumi na kuendelea ni nafuu, chini ya hapo ni hasara, na hasara tatu ndizo zinazokupeleka kaburini. Lakini msingi ni ule ule. Mauti yanatoka kwenye dadu. Dadu haijui kama ulikuwa na mtoto, au kama ulikuwa hujamaliza kulipa kisasi.

Anime, angalau ile inayosemwa mezani kwa kejeli, inakataa jambo hili. Unaijua ile picha. Shujaa yuko chini, damu inamtoka, adui anacheka. Kisha anawakumbuka rafiki zake, mmoja mmoja. Anainuka. Kimantiki hawezi kuinuka, lakini anainuka, kwa sababu moyo umekataa. Mchezaji aliyekulia kwenye picha hiyo anapofika mezani na dadu ikamwambia umekufa, kwa goblini, kwenye korido, Jumanne usiku, anahisi ameonewa. Na mkongwe anapomwona anahisi ameonewa, anahisi mchezo umeharibika. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Mapanga makubwa ni kisingizio tu.

Niseme kwanza upande wa dadu, kwa sababu kazi yangu inanivuta huko. Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka nimeandika habari za ajali: pikipiki na lori, basi na daraja. Kitu kimoja unachojifunza haraka ni kwamba vifo vingi havina hadithi. Mtu alitoka kununua mkate. Angetoka dakika mbili baadaye angekuwa hai. Ukienda msibani, ndugu wanakuuliza kwa nini, na wewe huna jibu, maana jibu ni dakika mbili. Chumba cha habari nacho kinataka hadithi. Kinataka marehemu awe alikuwa anakaribia kuhitimu, au anakaribia kuoa. Ukiwa mwaminifu, wakati mwingine unaandika tu kwamba alikuwa anakwenda kununua mkate.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto aliyekatiza barabara. Dereva mwingine, mwenye uzembe mdogo uleule, anafika nyumbani salama kwa sababu siku hiyo hakuna mtoto aliyekatiza. Tunawahukumu tofauti, ingawa kilichowatofautisha hakikuwa mikononi mwao. Nagel hasemi tufanye nini. Anatuonyesha tu kwamba sehemu kubwa ya maisha tunayodhani ni yetu ni ya dadu.

Mchezo wa dadu unafundisha hilo bila kuhubiri. Na kuna sababu ya kulithamini somo hilo leo. Tunaishi katikati ya wahamasishaji. Kwenye redio, kwenye simu, kwenye kumbi za hoteli, kila mtu anaambiwa ukitaka utaweza. Sentensi hiyo ina mkia ambao hawausemi: kama hujaweza, basi hukutaka vya kutosha. Aliyefilisika hakutaka. Aliyekufa na saratani hakupambana. Ile picha ya shujaa anayeinuka kwa sababu moyo umekataa, ukiichukua kama kanuni ya dunia, inafika hapo hapo. Kama moyo uliokataa unatosha, basi wote waliobaki chini walikubali. Sikubaliani na hilo hata kidogo, na nikiwa na chaguo kati ya goblini wa Jumanne na mhamasishaji, namchukua goblini. Goblini hamlaumu marehemu.

Lakini ngoja kwanza. Kwenye meza yetu yupo rafiki yetu mmoja aliyempoteza mdogo wake kwenye ajali ya barabarani. Miezi kadhaa baadaye alirudi kucheza. Kabla hatujaanza alisema, kwa utulivu tu, kama mtu anayeomba chumvi: "Jamani, huyu mhusika wangu akifa naomba niamue mimi. Dadu nimeshaziona." Hakuna aliyembishia. Mchezeshaji akakubali. Nami ambaye kichwani nilikuwa na hotuba nzima ya Nagel nikanyamaza, kwa sababu hotuba ile, nikiisema mbele yake, ingekuwa namfundisha kitu anachokijua kuliko mimi.

Alichoomba kinanilazimisha kuliuliza swali upya. Hoja ya dadu inasema: mchezo ufanane na dunia, kwa sababu dunia ndivyo ilivyo. Lakini nani kasema kazi ya hadithi ni kufanana na dunia pale inapoumiza? Tunayo dunia tayari, na ajali zake hazihitaji mazoezi ya Jumanne usiku. Watu wamekuwa wakisimulia vifo tangu zamani kwa sababu nyingine kabisa: ili kifo, ambacho huku nje kilikuja bila umbo, kipate umbo.

Mfikirie Fumo Liyongo. Huyu ni shujaa wetu wa pwani, na mkongwe wa mezani angemwona angeguna vile vile. Silaha hazimwingii. Anayeweza kumuua ni mmoja tu, mwenye sindano ya shaba, na sehemu ni moja tu, kitovuni. Anasalitiwa na mwanawe, anachomwa, na bado anatoka nje, anapiga goti karibu na kisima, anatia mshale kwenye upinde, anakufa akiwa katika hali hiyo, na watu wanaogopa kuteka maji siku kadhaa kwa kudhani yu hai. Ukimwonyesha mtoto wa leo atakwambia hiyo ni anime, na hatakuwa amekosea sana. Waliomsimulia Liyongo hawakuwa hawajui kwamba watu hufa kwa homa na kwa kuanguka mnazini. Walijua sana. Ndiyo maana walitaka kifo kimoja chenye goti na mshale.

Lakini angalieni kitu kimoja kwenye hadithi hiyo. Utashi wa Liyongo haumshindi mauti. Anakufa. Alichokishika mikononi mwake ni namna tu. Hapo naona njia ya kutoka kwenye ugomvi huu, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo tunayachanganya. Kuna kusema kwamba moyo ukitaka, mauti yanarudi nyuma. Na kuna kusema kwamba mauti yanakuja, lakini wewe una neno la kusema kuhusu bei. La kwanza ni uongo, na ni uongo unaowaumiza walioshindwa. La pili si uongo.

Na michezo bora iliyotokana na anime, nikiichunguza, inasema la pili. Chukua Tenra Bansho Zero, mchezo wa Kijapani wa Junichi Inoue, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 2013. Kwenye karatasi ya mhusika kuna kisanduku kidogo cha kifo. Maadamu hujakitia alama, mhusika wako hawezi kufa. Ataanguka, atabebwa, ataamka na majeraha. Siku ukiona jambo lililo mbele yako linastahili, unakitia alama mwenyewe. Papo hapo unapata nguvu za ziada. Lakini kuanzia alama ile, ukianguka, umekufa kweli. Yaani mchezo hauulizi kama una moyo wa kutosha. Unauliza: hili ndilo unalotaka kulifia? Mara nyingi jibu la kweli ni hapana, na mchezo unaruhusu jibu hilo bila kukuaibisha.

Kuna jambo jingine kwenye mchezo huo. Kila unapotumia nguvu za tamaa na mafungamano yako, unakusanya karma, na karma yako ikipita 108 unageuka asura, kiumbe kilicholiwa na matakwa yake mwenyewe, na mhusika si wako tena. Kutaka sana, kule kule kunakomwinua shujaa, ndiko kunakompoteza. Mhamasishaji hana sura hiyo kwenye kitabu chake.

Au chukua Fabula Ultima, mchezo wa Mwitaliano Emanuele Galletto, alioutunga kwa kupenda michezo ya kompyuta ya Kijapani. Pointi zako zikiisha unachagua moja kati ya mawili: kusalimu amri au kujitoa mhanga. Ukisalimu amri unaishi, lakini unalipa: labda adui anasonga mbele, labda unatekwa, labda unapoteza kitu ulichokithamini. Ukijitoa mhanga unafanya jambo ambalo kwa kawaida lisingewezekana, kisha unakufa, na kuna masharti kuhusu lini unaruhusiwa. Hakuna mlango wa tatu wa kuinuka bure.

Hata anime yenyewe, ile halisi na siyo ya kejeli, haijawahi kuwa na jibu moja. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, ya mwaka 1988, ni ya watoto wawili wa Kobe wakati wa vita. Kaka anampenda dada yake kwa moyo wote ambao binadamu anaweza kuwa nao, na hautoshi. Filamu inakuambia mwanzoni kabisa kwamba hautatosha. Anime ya Pondsmith niliyoitaja juu ni ya kijana anayekataa kukubali mpaka wake, na kukataa huko ndiko kunakomla. Frieren inaanza pale ambapo hadithi nyingine huishia: shujaa ameshashinda, miaka 50 imepita, anakufa kwa uzee, na elfi aliyesafiri naye analia kwa sababu hakumfahamu vizuri walipokuwa pamoja. Delicious in Dungeon inaanza na dada aliyemezwa na joka, na kwa sababu uchawi wa kufufua upo, hadithi nzima inakuwa ni kuuliza gharama ya kufufua ni nini na nani anailipa. Anayesema "hii imekuwa anime" akimaanisha mauti hayana uzito, anazungumzia anime ipi hasa?

Inabaki lalamiko la tatu, la watu, na hili nalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji falsafa nyingi. Wengi wanaofika mezani siku hizi wamepitia anime. Hawajasoma Vance wala Leiber. Wamesoma manga kwenye simu na wametazama Naruto yenye maandishi chini yanayopita haraka kuliko macho. Hiyo ndiyo maktaba yao. Mtu anapoambiwa mhusika wake "si wa kweli" kwa sababu ametoka kwenye maktaba hiyo, anachoambiwa ni kwamba ndoto zake hazijafika kiwango. Hata kabla dadu haijarushwa ameshaambiwa nani mwenye nyumba. Nimeona vijana wakicheka kidogo kwa aibu, wakabadilisha maelezo ya mhusika, wakampunguza. Wiki ya tatu hawaji. Mkongwe hata hajui kwamba kafukuza mtu. Yeye anadhani alikuwa analinda kitu.

Hicho anachokilinda nakiheshimu. Anaogopa dunia isiyo na matokeo, ambapo kila mtu ni mteule na hakuna anayeanguka. Hofu yake ina msingi. Kosa lake ni kudhani matokeo yanaletwa na dadu peke yake. Mtu anayekaa na penseli juu ya kisanduku cha kifo, akijiuliza kama kijiji hiki cha kubuni kinastahili, yuko kwenye jambo zito kuliko anayetazama dadu ikibingirika. Dadu ikimuua mhusika wako, huna la kujibu. Ukimuua mwenyewe, una la kujibu. Na ukikataa kumuua, kijiji kikaungua, una la kujibu zaidi.

Hata hivyo sitaki dadu zitupwe. Meza isiyo na dadu inasahau haraka kwamba mambo mengi hayakutegemea sisi, na watu wanaosahau hivyo huwa wakali kwa walioanguka. Nadhani mhusika anahitaji yote mawili: sehemu ya maisha yake isiyomsikiliza, na sehemu ndogo inayomsubiri yeye aseme. Kiasi gani cha kila moja, hilo ni la meza yenyewe, na ni la kukubaliana mapema, kabla mtu hajaanza kumpenda mhusika wake.

Sisi kwetu tumelifanyia kazi hivi: tunacheza na dadu kama kawaida, lakini kila mmoja ana kisanduku alichokichora kwa penseli kwenye kona ya karatasi. Mchezaji mmoja wetu, mkongwe kuliko wote na mgunaji namba moja, alisema hatakichora, yeye ni mtu wa dadu. Tukamwacha. Rafiki yetu aliyeomba kuamua mwenyewe ana kisanduku chake, na hajakitia alama mpaka leo. Mhusika wake ameshaanguka mara nne. Mara zote nne tumembeba.